Samoni wa Pwani ya Pasifiki: Anakula Nini na Anapatikana Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ikifika Agosti simu yangu haitulii. Mimi ni mtoto wa Tanga, na miaka mingi sasa naishi kando ya Puget Sound, mkono wa bahari katika jimbo la Washington, Marekani, mahali ambapo samoni anazungumzwa kama huko kwetu wanavyozungumza mvua. Wageni kutoka Kivu, Mombasa na Zanzibar wakishapata nyumba na kazi, swali linalofuata ni la samaki. Na maswali ni yale yale. Nimeyaweka hapa ili anayeuliza nimtumie ukurasa huu badala ya kuanza upya. Mwenye haraka achukue hili moja: usimtafute samoni, tafuta chakula chake.

Samoni ni samaki mmoja au wengi?

Wengi. Ni kama mtu wa pwani anaposema "changu": kwa mpishi ni neno moja, kwa mvuvi ni ukoo mzima. Pwani ya Amerika Kaskazini upande wa Pasifiki ina samoni watano: Chinook, Coho, Sockeye, Chum na Pinki. Wa sita, Masu, yuko upande wa Asia tu, Japani na jirani zake. Wote ni wa jenasi moja, Oncorhynchus. Samoni wa Atlantiki, Salmo salar, ni binamu wa mbali kidogo, na ndiye yule unayemwona kwenye friji za supamaketi karibu dunia nzima.

Tofauti zao si za jina tu. Chinook ndiye mfalme wa ukubwa. Aliyenaswa karibu na Petersburg, Alaska, mwaka 1949 alikuwa na kilo 57 hivi. Pinki ndiye mdogo, kilo mbili au karibu na hapo, na maisha yake yote ni miaka miwili kamili, hapungui wala hazidi. Kila mmoja ana chakula chake na njia zake baharini. Kwa hiyo mtu akikuuliza "samoni anakula nini", nawe muulize, "Samoni yupi?"

Kama anazaliwa mtoni, baharini anafuata nini?

Tumbo. Mito ya huku ni ya baridi, maji yake meupe, mazuri kwa mayai yanayofukiwa kwenye changarawe, lakini chakula chake ni haba: viluwiluwi vya wadudu, mbu wadogo wasiouma, kile kinachoelea na mkondo. Bahari ni ghala. Kitoto cha Pinki hutoka mtoni kikiwa hakijafika hata gramu moja, na baada ya mwaka mmoja na nusu hivi hurudi kikiwa samaki wa kilo mbili. Zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa samoni mzima, wa aina yoyote kati ya hizo, ameupatia baharini.

Muda wa kukaa mtoni hutofautiana. Pinki na Chum huondoka mara tu wanapoibuka kwenye changarawe. Coho hukaa kijitoni mwaka mmoja na zaidi. Sockeye hupenda kwanza kulelewa ziwani, mwaka mmoja au miwili. Chinook wapo wa namna mbili, wanaoondoka ndani ya miezi michache na wanaosubiri mwaka. Kabla ya kuondoka mwili hubadilika: madoa ya ubavuni hufifia, magamba huwa ya fedha, na matamvua hujifunza kutoa chumvi badala ya kuitunza. Samaki aliyeingia maji ya chumvi kabla ya mabadiliko hayo hana maisha.

Akishafika baharini, mlo wa kwanza anaupata wapi?

Mlangoni mwa mto, pale maji matamu yanapochanganyika na ya chumvi. Sisi kwetu samaki wachanga hulelewa kwenye mikoko. Huku hakuna mikoko, baridi haiiruhusu; kazi hiyo hufanywa na mabwawa ya majani yanayofunikwa maji yakijaa, na mashamba ya nyasi bahari yanayobaki na unyevu maji yakipwa. Humo mtoto wa Chinook hula wadudu wanaodondoka kutoka kwenye majani, amfipodi, vijikamba vidogo kama punje za mchele, na lava, yaani vichanga vya viumbe wengine, wa kila namna. Anaweza kukaa wiki kadhaa akinenepa kabla ya kujitosa.

Pinki na Chum wachanga hutambaa na ufuko. Utawaona makundi kwa makundi kwenye maji ya kukufika magotini, wakidonoa kopepodi, vijikamba vidogo sana, walioshikamana na nyasi na mawe. Hapo ndipo penye tatizo la miji. Zaidi ya robo ya ufuko wa Puget Sound umejengewa kuta, na ukuta unaondoa ule mteremko wa kina kifupi. Tena samoni mchanga anaogopa kivuli: akifika chini ya gati pana lenye giza husita pembeni, hataki kuingia, na huku nje kwenye kina wanamsubiri wakubwa wenye njaa. Seattle walipoujenga upya ukuta wao wa bahari, kazi iliyokamilika 2017, waliweka vioo kwenye njia ya waenda kwa miguu ili mwanga upenye hadi majini, na uso wa ukuta wakaufanya uwe na mikwaruzo na rafu ili mwani na wadudu wapate pa kushika. Watalii wanapita juu ya vioo vile wakipiga picha za mlima, hawajui kwamba wanakanyaga dari ya mgahawa.

Haya, tuambie: kila aina anakula nini?

Tuanze na *Chinook*. Huyu ni mla samaki. Akishazidi urefu wa kiganja, anataka heringi, anchovi, sadini, na vile visamaki vyembamba vinavyojifukia mchangani usiku. Anchovi ni ndugu wa dagaa mcheli wetu, kwa hiyo mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu: Chinook anaishi kwa dagaa. Hula ngisi pia, na krili, vijikamba vya baharini, wakijikusanya kwa wingi hawapuuzi.

*Coho* hana mambo mengi, ila ana pupa. Anakula samaki wadogo, krili, na sana sana lava wa kaa wale wa hatua ya mwisho kabla hawajashuka chini kuwa kaa. Majira ya kuchipua lava hao hufunika uso wa maji kama makapi, na tumbo la Coho ukilipasua unakuta uji wa rangi ya chungwa.

*Sockeye* ni mchujaji. Ndani ya matamvua yake ana vichana vyembamba vilivyosongamana, thelathini hadi arobaini kwenye upinde wa kwanza, ambavyo huzuia viumbe vidogo visipite na maji. Hula krili, kopepodi, amfipodi, na ngisi wadogo akiwa bahari kuu. Ndiyo maana mvuvi mwenye ndoano na heringi hupata tabu kumvua Sockeye, huku jirani yake mwenye ndoano tupu nyekundu inayofanana na krili anajaza ndoo.

*Pinki* anakula karibu na vile anavyokula Sockeye, na hapo ndipo ugomvi wao ulipo; nitaurudia chini.

*Chum* ndiye kichekesho. Anakula konyeza! Wengine huwaita yavuyavu. Pamoja nao hula viumbe wengine wa utelezi ambao karibu mwili wote ni maji, chakula ambacho samoni wengine hukipita. Ili kifaidishe inabidi ule kingi na ukimeng'enye haraka, na Chum amejaliwa tumbo kubwa linalofanya kazi hiyo. Huwa sifahamu kwa nini watu humdharau sokoni. Mtu anayeweza kunenepa kwa maji ya utelezi wakati wenzake wanagombania dagaa, huyo ni wa kuheshimiwa.

Orodha hii isikufunge. Samoni anawinda kwa macho na anakula kilichopo. Aina moja ya samaki, katika ghuba mbili za jirani, wiki moja, inaweza kuwa na matumbo yenye vitu tofauti kabisa.

Nyama yake nyekundu ni damu?

Hapana. Ni rangi ya chakula. Krili na wadudu wengine wa jamii ya kamba wana rangi iitwayo astaksanthini, ile ile inayomfanya kamba awe mwekundu ukimchemsha. Sockeye anayekula krili kutwa ndiye mwekundu kuliko wote. Samoni wa kufugwa huwekewa rangi hiyo kwenye chakula. Bila hivyo nyama yake ingekuwa ya kijivujivu. Wapo pia Chinook wenye nyama nyeupe ingawa wanakula sawa na wenzao. Hao wamezaliwa hivyo, miili yao haiihifadhi rangi kwenye misuli. Zamani waliuzwa bei ya kutupa, siku hizi mahotelini ni fahari.

Baharini wako wapi hasa? Wanatawanyika ovyo?

Hawatawanyiki ovyo. Kila mto una watu wake na kila watu wana njia yao.

Chukua Sockeye wa mto Fraser, mto wa kilomita karibu 1,400 unaomwagikia Vancouver, Kanada. Wachanga hushuka majira ya kuchipua, wakaingia mlango bahari wa Georgia, kisha wakaelekea kaskazini kupitia mfereji mwembamba wa Johnstone, kati ya kisiwa cha Vancouver na bara. Wakitokea upande wa pili hufuata ukanda wa maji ya kina kifupi kando ya bara, kama msafiri anayetembea na ukuta gizani, British Columbia nzima hadi kusini mwa Alaska. Kufikia vuli wameingia Ghuba ya Alaska, na huko huachana na pwani. Wengi hukaa bahari kuu vipindi viwili vya baridi. Wakirudi, wana milango miwili ya kuzunguka kisiwa cha Vancouver, wa kaskazini ule wa Johnstone au wa kusini wa Juan de Fuca. Miaka ambayo maji ni ya joto wengi zaidi hupitia kaskazini, na wavuvi wa kusini wanaoishi Marekani wanabaki kutazama.

Chinook ni wa pwani zaidi. Wale wa mto Sacramento hukaa sana California na Oregon. Wa mto Columbia, hasa wanaorudi vuli, wengi huelekea kaskazini hadi British Columbia na kusini-mashariki mwa Alaska. Matokeo yake samaki aliyezaliwa Washington anavuliwa na mtu wa Alaska, na wa Kanada anavuliwa na Mmarekani, na kelele haziishi. Mwaka 1985 nchi hizo mbili zilitia saini mkataba wa samoni wa Pasifiki kwa sababu hiyo. Coho nao hupenda ukanda wa pwani, si kama Sockeye, Pinki na Chum wanaotandawaa bahari kuu, Chum wa Japani wakifika hata Bahari ya Bering na Ghuba ya Alaska kuchangia malisho na wa Amerika.

Ukubwa wa jumla wa eneo lao: kutoka California ya kati, kupanda Alaska, kuvuka Kamchatka hadi Japani na Korea. Ghuba ya Bristol, magharibi mwa Alaska, ndiyo yenye Sockeye wengi kuliko mahali popote. Mwaka 2022 walirudi karibu milioni 79. Soma tena tarakimu hiyo. Ni mito michache tu inayomwagikia ghuba moja.

Kuna samoni wasiosafiri?

Wapo. Hapa Puget Sound sehemu ya Chinook na Coho hawatoki kabisa kwenda bahari kuu. Huzunguka humu humu ndani mwaka mzima wakila heringi na krili. Chinook hao wakaazi wavuvi huwaita Blackmouth, kwa sababu ya ufizi mweusi, na hao ndio wanaotufanya tutoke na mashua Januari wakati kichwa kinauma kwa baridi. Huwa wadogo kuliko wenzao waliokwenda mbali.

Mwingine ni Kokanee: Sockeye aliyebaki ziwani maisha yake yote. Hajaonja chumvi, anakula planktoni tu, vile viumbe vidogo vinavyoelea majini, na hukua kiasi cha sahani ya chai ukilinganisha na nduguye wa baharini.

Niwatafute kina gani, na saa ngapi?

Sockeye, Pinki, Chum na Coho hukaa karibu na uso, aghalabu ndani ya mita 30 za juu. Chinook hushuka, mita 50 si ajabu, na hufika hata zaidi ya mia, hasa mchana jua likiwa kali. Alfajiri na magharibi chakula hupanda, nao hupanda nacho. Sheria yangu mimi: kwanza angalia ndege. Shakwe wakiwa wanapiga mbizi mahali pamoja, chini yao heringi wamesongwa, na aliyewasonga huna haja ya kuambiwa. Pili, angalia maji. Kwenye ncha ya ardhi inayochomoza baharini mkondo wa maji kujaa au kupwa hujikunja na kuzunguka, na viumbe vidogo hukwama hapo. Siku za bamvua mkondo ni mkali mno, maji mafu yanafaa zaidi kwa mashua ndogo.

Kwa mgeni asiye na mashua: Pinki hurudi Puget Sound miaka ya namba witiri, 2023, 2025 na kuendelea, mwezi wa Agosti, na unaweza kumvua ukiwa umesimama ufukoni. Leseni ni lazima, na kadi ya kuandika kila samoni unayemchukua. Ndoano isiwe na kishikizo, kile kimwiba cha nyuma kinachomzuia samaki asichomoke. Na ukipata Chinook au Coho, mwangalie mgongoni karibu na mkia: wengi wa waliototoleshwa na watu vituoni hukatwa kale kapezi kadogo kabla ya kuachiwa. Akiwa nako, huenda ni wa asili, na mara nyingi sheria inakutaka umrudishe majini. Kila eneo lina kanuni zake na hubadilika katikati ya msimu. Zisome asubuhi ya siku unayotoka.

Mbona mwaka huu wamejaa na mwaka unaofuata hakuna kitu?

Hili ndilo swali la wakubwa. Mwaka 2009 Sockeye wa Fraser walirudi takriban milioni moja na nusu, idadi iliyowatia watu hofu hata serikali ya Kanada ikaunda tume ya uchunguzi. Tume ikiwa ndiyo kwanza imeanza kazi, mwaka 2010 wakarudi karibu milioni 30. Mto ni ule ule.

Sehemu ya jibu ni mzunguko wa mto Adams, mmoja wa mito inayolisha Fraser: samaki wake hujaa kila mwaka wa nne, na 2010 ulikuwa mwaka wake mkubwa. Lakini sehemu kubwa imo katika miezi ya kwanza baharini. Mtaalamu wa Kanada Richard Beamish na mwenzake Conrad Mahnken walitoa hoja mwaka 2001 kwamba samoni mchanga ana mitihani miwili: kwanza kuponyoka wanaomla wiki za mwanzo, pili kufikisha ukubwa fulani kabla ya majira ya baridi. Asiyefikisha hafi siku hiyo. Anakufa taratibu miezi ya baridi kwa kukosa akiba. Kwa hiyo wingi wa Sockeye utakaowaona mwakani uliamuliwa na wingi wa krili mwaka jana, mwezi Mei.

Na krili nao huamuliwa na upepo. Pwani ya Oregon na California, majira ya kuchipua na kiangazi upepo huvuma kutoka kaskazini sambamba na ufuko. Mzunguko wa dunia husukuma maji ya juu yaende mbali na nchi kavu, na maji ya baridi ya chini hupanda kujaza nafasi, yamebeba mbolea ya vilindini. Ni jambo lile lile linalopoza maji ya Somalia wakati wa kusi. Upepo ukichelewa mwezi mmoja, watoto wa samoni wanafika mezani sahani zikiwa tupu.

Halafu kuna joto. Kati ya 2014 na 2016 bahari ya Pasifiki ya kaskazini-mashariki ilipata joto lisilo la kawaida, wakalibandika jina Blob. Kopepodi wa kaskazini, ambao wamejaa mafuta, waliondoka Oregon na nafasi yao ikashikwa na wa kusini, wembamba, wasio na kitu. Samaki alikuwa anakula na hashibi.

Upo pia ule ugomvi nilioutaja. Pinki ndiye mwingi kuliko samoni wote, na sehemu yao wanatoka kwenye vituo vya kutotolesha. Miaka yao mikubwa, Sockeye wanaolisha pamoja nao hukua polepole. Bahari ni kubwa lakini malisho yake si bure, na mimi ni miongoni mwa wanaoona kwamba kumwaga vifaranga mamilioni kila mwaka bila kuuliza watakula nini ni kualika harusi bila kupika.

Ni kweli kwamba samoni anaweza kuugua kwa kula dagaa tu?

Kweli, na kisa chake ni cha juzi. Mwanzoni mwa 2020, kwenye vituo vya kutotolesha vya bonde la kati la California, watu waliona vifaranga vya Chinook vinaogelea kwa kuzunguka, vinapinduka, vinakufa. Havikuwa na ugonjwa wa kuambukiza. Vilikosa tiamini, yaani vitamini B1. Mama zao baharini walikuwa wanakula anchovi karibu peke yake, kwa kuwa anchovi walikuwa wameongezeka sana huku vyakula vingine vikiwa haba. Anchovi ana kimeng'enya kinachovunja tiamini. Mama anaweza kuonekana mzima, ila mayai yake hayana ya kutosha. Vifaranga vilipoogeshwa kwenye maji yenye tiamini, vilipona. Tangu hapo wanawachoma sindano mama kabla hawajataga.

(Binadamu msiache dagaa. Tunawapika, na moto unakiua kimeng'enya hicho.)

Akirudi mtoni anakula?

Hali. Samoni wa Pasifiki akishaingia maji matamu tumbo lake husinyaa, na safari yote anaiendesha kwa mafuta aliyoyaweka. Ndiyo maana samaki wa mito mirefu, kama Yukon, ndiye mwenye mafuta mengi kuliko wote, na wapishi wanamgombania. Sockeye wa ziwa Redfish, Idaho, hupanda kilomita kama 1,450 na kimo cha mita karibu 2,000 bila kutia kitu tumboni. Akishataga hufa. Mzoga wake hulisha dubu, tai na wadudu, na wadudu hao hulisha watoto wake.

Basi mbona anauma ndoano mtoni? Hasira, mazoea, au kutetea nafasi. Wavuvi wana majibu mengi kuliko samaki.

Nani anamla yeye?

Sili, simba bahari, papa wa samoni, ndege, na sisi. Wa kutaja peke yake ni nyangumi wauaji wakaazi wa kusini wanaozunguka maji ya Seattle na Vancouver. Hawafiki 80. Kiangazi sehemu kubwa sana ya chakula chao ni Chinook, ingawa Sockeye na Pinki wanapita mbele yao kwa mamilioni. Wanamtaka mkubwa mwenye mafuta ambaye yupo pwani mwaka mzima. Chinook wakipungua, nyangumi hao wanakonda.

Yote haya yanajulikanaje?

Kwa kuchungulia matumbo, kwanza. Huhitaji kumuua, unaweza kumsafisha tumbo kwa maji kwa kibomba na kumwachia. Gamba lake lina miduara kama ya mti: iliyoachana ni kiangazi cha shibe, iliyobanana ni baridi ya njaa. Kijiwe cha sikioni kina kemia ya maji aliyopitia. Mamilioni ya vifaranga huwekewa puani kipande cha waya chenye namba, na akivuliwa miaka mitatu baadaye unajua alitoka kituo gani. Siku hizi vinasaba hueleza samaki ni wa mto upi. Na mwaka 2019 wanasayansi wa nchi kadhaa walikwenda Ghuba ya Alaska katikati ya baridi, ndani ya meli ya Kirusi Professor Kaganovskiy, kwa sababu miezi hiyo ilikuwa karibu shimo jeusi kwenye elimu ya samoni.

Wa supamaketi ya Nairobi au Dubai naye alikula krili?

Kwa kawaida huyo ni samoni wa Atlantiki aliyefugwa kwenye vizimba baharini. Norwe inaongoza dunia, Chile inafuata. Chakula chake ni tembe: unga na mafuta ya samaki, sehemu nzuri ikitokana na anchovi wa Peru, na siku hizi soya na mafuta ya mimea kwa wingi. Nduguye wa porini, wa upande wa Ulaya na Kanada mashariki, huenda kulisha karibu na Greenland na visiwa vya Faroe, na yeye anaweza kutaga akaishi na kurudi tena baharini.

Naweza kumla mbichi niliyemvua mwenyewe?

Mgandishe kwanza. Krili hubeba lava wa minyoo ya anisakisi, samoni akila krili au heringi anaipata, na safari ya minyoo hiyo ilikusudiwa kuishia kwenye tumbo la nyangumi au sili, si lako. Nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba huiua. Friji nyingi za nyumbani hazifiki hapo. Mimi namkaanga.

Mbona kwetu hakuna?

Maji ya moto. Samoni hustawi kwenye maji ya chini ya nyuzi 15 hivi, na pwani ya Afrika Mashariki mara nyingi ni 25 hadi 30. Hata ukimleta, hana pa kwenda.

Lakini ukitaka kumwona wa jenasi yake, nenda Nyeri. Trauti wa upinde wa mvua, ambaye ni Oncorhynchus kama Chinook, aliletwa na wakoloni kwenye vijito vya baridi vya Mlima Kenya na Aberdare, na Kiganjo kuna kituo cha kumzalisha. Na ukitaka tabia yake badala ya damu yake, waulize wazee wa Ziwa Viktoria kuhusu ningu, jinsi alivyokuwa akipanda mito kama Nzoia na Kagera mvua zikianza, akatage. Kwenye Tana na Rufiji yupo mkunga wa maji matamu anayefanya kinyume chake: anakua mtoni, anashuka baharini kutaga, na watoto wake wembamba kama uzi ndio wanaotafuta mlango wa mto kuja kula.